Ikifika Nane

Wewe umewahi kuona filamu uliyoizoea ikikugeuka?

Mume wangu mzee, bondia wa zamani, alikuwa ametimiza mwezi wa saba kitandani bila kutamka neno. Kila mchana nilimwekea filamu yake ya ngumi. Shujaa huangushwa, mwamuzi huhesabu, na ikifika nane huinuka. Hapo machozi hunitoka, nikitumaini mzee naye atainuka.

“Haya, baba watoto, tuhesabu, usitegee!” nilimtania siku moja, nikimpangusa mate kidevuni.

Sita. Saba. Nane.

Shujaa hakuinuka. Aligeuza uso uliovimba, jasho likimdondoka puani, akamtazama mume wangu. Mwamuzi naye akaacha kuhesabu, akasubiri.

Vidole vya mzee vikanibana mkono.

“Mama watoto,” alisema, “usinihesabie tena. Niache nilale.”