Piga kwa Nguvu Zako Zote

Kwa mara nyingine tena Fauzia alizivua hedifoni kama aliyeumwa na nge sikioni.

“Mzee Fondo, simama kidogo. Unapiga kama unayeua mtu. Sauti yote inapasuka.”

Wapigaji ngoma wenzake walicheka. Fondo naye akacheka, ijapokuwa jasho lililokuwa likimtiririka mgongoni lilikuwa la baridi.

“Nipige polepole, binti?”

“La, usipunguze. Nguvu ndiyo tunayoitaka. Kupunguza niachie mimi.”

Akafungua mkoba wake, akatoa vichuma vidogo vya mviringo, vinene kama kidole gumba, akavichomeka kimoja kimoja kati ya maiki na waya wake. Maiki mbili zilikuwa mbele ya ngoma. Ya tatu alikwenda kuitundika mbali, kwenye ukuta wa ghala la mahindi, ipate kunasa, alivyosema, mvumo wa boma zima.

Fondo alipoiona pale ukutani, moyo ulimruka.

“Na hivyo vichuma kazi yake ni nini?”

“Vinakata makali ya sauti kabla haijaingia kwenye mashine ya kurekodia.”

Fondo akashusha pumzi. Ikiwa kichuma kile kiliweza kuikata ngoma yake, koo la mtu lilikuwa kitu gani?

Ndani ya ghala walikuwamo wanaume wawili wenye marungu. Walikuja kwa pikipiki kutoka mbali; hawakumjua mtu pale Kinango, wala hakuna aliyewajua. Fondo aliwaachia agizo moja tu: atakayeingia kuichukua ngoma kubwa, ndiye.

Ndiye Boga. Boga huyu aliyeketi kuliani kwake, akitafuna majani ya muguka na kupasha moto ngozi ya chapuo, ngoma yake ndogo. Mwaka ule wa ukame, ng’ombe walipokufa mfululizo, Boga ndiye aliyemnyooshea kidole baba yake Fondo na kupaza sauti, “Mchawi huyo!” Mzee Ngala alikatwa mapanga mchana kweupe, mlangoni pake mwenyewe. Alijikinga kwa mikono mpaka mikono ikaisha. Fondo aliviokota vidole vya baba yake mchangani. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Na Boga alihudhuria matanga, akala, akashiba.

Leo Fondo alikuwa amejipanga. Hata mwanawe Mwero, aliyefanya kazi hotelini Diani na ndiye aliyemleta Fauzia, alikuwa amemtuma mjini akanunue betri. Betri zilikuwapo tele. Hakutaka tu kijana awe karibu na jambo lile.

“Bwana Boga,” alisema, “mlio bado mwembamba. Hebu kailete ile ngoma kubwa ghalani.”

Boga aliinuka akishika kiuno. “Ile ni mzigo wa kijana, ndugu yangu. Mgongo wangu huu…”

“Nenda bwana, mgeni wetu anangoja.”

Boga akaenda, akiburuta malapa yake na kunung’unika, akapotea nyuma ya nyumba, ilikoingilia njia ya kutoka mjini.

Fauzia aliinua mkono, kisha akaushusha. “Haya, Mzee Fondo, tupime sauti huku tukimngoja. Piga kwa nguvu zako zote.”

Fondo akapiga. Alipiga mpaka viganja vikachanika na damu ikamrukia usoni. Kila pigo alilishusha pale alipoona utosi wa Boga, meno ya Boga, kile kidole cha Boga. Wenzake wakamfuata mbio, wakidhani amepandwa na pepo. Mlango wa ghala ulitazama upande wa pili, asiuone. Aliloliona ni mabati ya ukuta wake yakitikisika. Yakatulia. Yakatikisika tena, safari hii chini, karibu na ardhi, kama kwamba kitu kilikuwa kikiyapiga mateke. Fondo akazidisha. Masikio yake yalijaa ngoma tupu. Hata angalipigiwa bunduki kando yake asingalisikia.

Mabati yakatulia kabisa. Hakuacha. Alipiga mpaka alipoona vumbi la pikipiki likikimbilia barabara kuu, ndipo akaiinua mikono yake.

Kimya kilimwangukia kama maji ya baridi. Kifua chake, kilichokuwa kimefungwa tangu siku ya mazishi, kilifunguka.

“Lala sasa, baba,” alinong’ona.

Fauzia alikuwa ameirudisha sauti na kuisikiliza, uso umemng’aa. “Mashaallah! Hakuna kilichopasuka. Kila kitu kimeingia kisafi, hata jogoo wenu yumo.” Kisha akakunja kipaji cha uso. “Ila kwenye maiki ya ghalani kuna mtu anaita kwa mbali, sijamshika maneno. Ni mwimbaji wenu? Nimemwongezea sauti. Hebu msikilize mwenyewe.”

Fondo alirudi nyuma hatua moja. Lakini wenzake wote walikuwa wakimtazama, na kukataa kungezua maswali. Akazipokea hedifoni kwa viganja vinavyovuja damu. Alipokuwa akizivaa alitambua kwamba hata hakuogopa, alitaka kumsikia. Alitaka kumsikia Boga akiomba huruma aliyomnyima baba yake.

Ngoma ilinguruma, sasa kama radi ya nchi jirani. Na chini yake, wazi kama mtu aliyesimama mlangoni, sauti changa ikalia:

“Baba! Baba, njoo, wananiua! Mzee Boga kanituma ngoma tu!”