Askari wa Nta

Binti alimshika baba yake kiunoni kwa kibanio cha nyusi, akampaka buti rangi nyeusi kwa ncha ya sindano. Baba mwenyewe hakuzidi urefu wa njiti ya kiberiti: waya ndani, nta ya mshumaa nje.

"Jeshi lako limekula meza," mama alisema, sufuria mkononi. "Bado kitanda tu."

"Nimebakiza huyu mmoja, mama."

"Mmoja, mmoja. Sisi tunakula sakafuni kwa ajili ya watu wasiokula."

Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati. Juu ya meza yao ya pekee palikuwa na daraja la vijiti, mto wa gundi, na lori la jeshi lililokatwa kwenye kopo la samaki.

Mwili wa baba haukurudi. Ilirudi barua: aliuawa na adui akiwa zamu darajani. Binti alikuwa na miaka mitano. Kaburi la kupalilia hakuwa nalo. Alitaka kupaona mahali penyewe, japo padogo kiasi cha kufunikwa kwa kitambaa cha meza.

Afande, baba yake wa kambo, alikuwa kikosi kimoja na marehemu. Siku ile, alisema siku zote, yeye alikuwa likizo kwao. Msiba aliusikia kama walivyousikia wengine. Mwanzoni alitaka vyote vitupwe jalalani.

"Mtoto wa kike na bunduki," alinung'unika.

Lakini alikuwa mtu asiyevumilia kitu kikae kombo. Wiki ya pili alisimama nyuma ya kiti cha binti.

"Mkanda wa bunduki hauvaliwi hivyo."

Wiki ya tatu akavuta kigoda.

"Punguza maji. Mwaka ule mto ulikauka, hata vyura walihama."

Binti alicheka. Miaka minane alikuwa akimwita Afande, kama majirani. Sasa alijiapiza kwamba siku ya kumaliza kazi atamwita baba.

Jumamosi alimsimamisha askari wa nta katikati ya daraja, bunduki mkononi, uso ng'ambo kwa adui.

"Nimemaliza," alisema. Neno lile lingine lilikuwa tayari ulimini.

Afande aliinama, miwani puani. Alitazama kwa muda, akatikisa kichwa, kisha akachukua kibanio.

Nta ilikuwa bado laini. Akamnyang'anya askari bunduki. Akamtoa darajani, akampeleka mbele ya lori la kikosi chake mwenyewe, akamkunja magoti, akampandisha mikono kichwani.

"Hapa ndipo alipokuwa," alisema, amezama kwenye kazi, akimpanua viwiko kimoja kimoja. Halafu akakiinua kidogo kile kichwa cha nta.

"Na alikuwa anatutazama."