Sauti ya Msimamizi

Zawena alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa kiwanda cha sabuni, alitiwa kooni sauti ya uongozi, ile ambayo aisikiaye hana ubavu wa kuikataa. Wiki nzima alifundishwa kuomba badala ya kuamuru.

Nyumbani, mumewe Mbaraka alimpokea kwa utani. "Karibu bosi! Ugali utausonga mwenyewe, mimi si kibarua wako."

Zawena akacheka. "Hebu acha maneno, baba Riziki."

Mbaraka akayaacha. Alisonga ugali, akapakua, akala, kimya kama gogo.

"Zungumza, mume wangu."

Akazungumza, kwa adabu ya mgeni.

Zawena akaingiwa na baridi. "Nibishie kama zamani. Nakusihi."

"Nakubishia," alijibu Mbaraka kwa upole, akingoja aambiwe abishe nini.