Kazi ya Kumi na Saba

Mashine inayoendesha nyumba yetu ni ya zamani, haibebi kazi zaidi ya arobaini kwa wakati mmoja. Nilipojifungua, niliiomba imsikilize mtoto akilia. Ikagoma, nafasi zimejaa.

Nikamsomea mama mkwe orodha: pampu, kufuli, friji. Ya kumi na saba sikuielewa.

“Hii inafanya nini?” niliiuliza mashine.

“Nasikiliza mlangoni. Mzee Shekue akirudi, niwashe taa ya barazani.”

Baba mkwe tulimzika miaka tisa iliyopita. Nikanyoosha kidole niifute.

Mama akanishika mkono. “Iache, mwanangu. Zima friji.”

Siku hizi tunanunua samaki wa mlo mmoja tu. Na kila jioni najikuta nami naichungulia ile taa.