Koti la Athumani

Watu walimcheka Athumani tangu asubuhi kwa sababu ya koti. Safari yenyewe ni matembezi ya kupanda bonde la mto, jua la Same linachoma, kila mtu kavaa fulana na raba. Yeye kaja na koti la suti ndani ya mfuko wa nailoni, kalikumbatia kama mtoto mchanga.

“Huko juu kuna baridi,” alijitetea.

Wazo la matembezi lilikuwa lake, kwa hiyo walimsamehe. Athumani alikuwa mtu wa Tabora, aliyeletwa Upare na kazi za mkonge ujanani, na kwa miaka mingi sasa alikuwa jirani wa Mzee Elirehema, karani mstaafu. Mzee alipenda kutembea naye kwa sababu moja tu: Athumani alikuwa mwingi wa maswali, na yeye Mzee alikuwa mwingi wa majibu.

Kabla ya saa sita walipumzika mtoni. Mzee alikalia jiwe pana, suruali kaikunja, miguu ndani ya maji. Binti yake Dorkas alikuwa mbele na wenzake, wakipigana picha.

“Hivi, jirani,” Athumani akaanza, “yule kijana anayemtaka Dorkas, mmefikia wapi?”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Yule mwalimu wa kujitolea? Nimemwambia Dorkas sitaki kusikia jina lake, wala kijiji, wala ukoo. Ni wa huku milimani, basi, inatosha. Siku nitakayoona nyumba yake imeinuka kutoka ardhini, kwa macho yangu haya, siku hiyohiyo nitampokea mshenga wake. Hata kama nina matope miguuni!”

“Na asipojenga?”

“Atajenga na nini? Chaki?”

Mzee hakuwa na roho mbaya. Dorkas ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani tangu mama yake afariki, na Mzee aliogopa kunywa chai ya jioni peke yake. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

“Hata kama una matope miguuni,” Athumani alirudia polepole, kama mtoto anayekariri somo.

Ndipo baragumu lilipolia juu ya mlima.

Mzee alisimama wima. “Umesikia? Msaragambo!”

“Ndiyo nini hiyo?”

Swali lilikuwa tamu, na Mzee hakulichelewesha. “Kazi ya wote. Pembe ikilia, Mpare popote alipo anaacha lake anakwenda. Iwe barabara, iwe mfereji, iwe nyumba ya mtu. Hata mpita njia anabeba.”

“Unabeba tu? Huulizi kazi ni ya nani?”

“Kuuliza ni aibu, jirani! Anayeuliza anatafuta njia ya kukwepa.”

Wanakijiji walikuwa tayari wanateremka kuokota mawe mtoni, maana gari halifiki huko juu. Baadhi ya watembeaji walianza kutazama simu zao kwa bidii ya ghafla. Mzee akawakaripia. “Mmekaa mjini mmeoza! Bebeni!” Kisha, ili kuonyesha mfano, akaliinua begani lile jiwe alilokuwa amelikalia. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, lakini maneno yalikuwa yameshamtoka.

Njia ilikuwa kali, tena yenye tope la maji ya mifereji. Mzee alihema, akapumzika, akahema tena, na kila alipopumzika aliwasimulia vijana jinsi wao zamani walivyobeba makubwa zaidi. Dorkas, ambaye nyumbani ndoo moja ya maji humtia maumivu ya mgongo, alikwenda na kurudi, akimpita baba yake na mawe kichwani huku akiimba. Athumani alibeba jiwe kwa mkono mmoja, koti kwa mkono wa pili.

“Litupe hilo koti, mtu mzima wewe!”

“Baridi, jirani. Baridi,” alijibu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

Juu walikuta kiwanja kimeshachimbwa na mafundi wanapanga mawe. “Darasa hili,” Mzee akatangaza. “Nayajua madarasa.” Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Athumani hakuuliza kitu.

Kufikia alasiri msingi ulikuwa umepanda hadi magotini pande zote, ikabaki kona moja. Kijana mrefu, tope mpaka kwenye viwiko, akamsogelea Mzee.

“Shikamoo, baba. Hapa leo mkubwa wetu ni wewe. Tunaomba kona hii uiweke mwenyewe, kisha utuombee.”

“Marahaba, mwanangu!” Tangu astaafu, Mzee hakuwa amepewa heshima ya namna hiyo, na ilimpendeza kupita kiasi. Akaliweka jiwe lake, akalisukuma kwa goti mpaka likatulia, akavua kofia, akafumba macho. Aliomba kwa kirefu. Aliomba kuta zisimame, paa lisivuje, mtu asile peke yake ndani yake, na asitokee yeyote wa kuwawekea kizuizi watakaoingia humo.

“Amina!” watu wakaitikia. Sauti ya Dorkas ilizizidi zote.

Mzee akafumbua macho. Dorkas alikuwa amesimama kando ya yule kijana mrefu, akimfuta tope la kiwiko kwa ncha ya kanga yake. Nyuma yao, katika jua lilelile, Athumani alikuwa amelitoa koti mfukoni. Akalikung’uta, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akaitazama kidogo miguu ya jirani yake, iliyojaa matope mpaka kwenye vifundo.

“Mzee Elirehema,” akasema, “nimetumwa.”