Ukurasa Uliogandishwa

Umeme ulikuwa umekatika. Gizani mama akasikia karatasi ikibanduka taratibu, kama plasta inayotolewa kwenye kidonda.

"Wewe, acha kusoma gizani. Utavaa miwani ya bibi yako na meno ya utoto hayajang'oka bado."

"Sisomi, Mama. Nabandua tu."

Mama aliwasha tochi ya simu, akakuta binti yake ameshafika mwisho wa kitabu cha katuni cha baba yake.

Kila jioni baba, fundi mwashi, alikuwa akimsomea pale shujaa anapolibeba paa mgongoni mpaka watu wote watoke. Akifika hapo aliinama na kusema, "Haya, paa langu, panda." Kisha ghorofa alilokuwa akijenga likamwangukia. Mama akamwambia mtoto kwamba baba amepata kazi ya mbali, akaugandisha ukurasa wa mwisho kwa uji wa unga, mzito, mzito kuliko saruji aliyoitoa tajiri wa lile jengo.

Sasa ukurasa ulikuwa wazi. Paa limeshuka. Kwenye vifusi umechomoza mkono mmoja wa shujaa, kiganja kikitazama juu, vumbi limejaa kwenye mistari yake.

"Amejipumzisha kidogo," mama alisema. "Ataamka."

Binti akaupangusa ule mkono kwa kidole, polepole, kana kwamba vumbi lingetoka.

"Baba hakusafiri," alisema.