Mgeni wa Rosina

Kengele za kanisa zililia Jumatatu asubuhi, siku ambayo kwa kawaida hazilii, na Anton akaacha kukamua ng'ombe. Rosina alikuja mbio kutoka kijijini, viatu vya mbao mkononi. Alisema vita vimekwisha: Kaizari wa Austria amesalimu amri, na Wajerumani, washirika wake, nao pumzi zimewaishia.

Anton hakuuliza nani kashinda. Hakuwa msemaji. Alimkumbatia tu, na Liesl mdogo akajipenyeza katikati yao kama kifaranga. Mtoto huyo alijifunza kutembea akishika kidole cha Anton.

Furaha ilidumu mpaka mgeni alipotokea langoni, koti la kijeshi limechakaa, ndevu zimemmeza uso. Rosina aliangusha ndoo.

"Leopold," alisema.

Jina hilo Anton alilijua. Rosina alilitaja usingizini, tena si mara moja, na kila kulipokucha Anton alijifanya hakusikia.

Liesl alikimbilia nyuma ya miguu ya Anton. Mgeni akachuchumaa, akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa.

Jioni ile Rosina alishusha paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, lile alilosema haligusi mtu mpaka Krismasi, akamkatia Leopold minofu minene. Wivu ulimshika Anton. Yeye ndiye aliyelima, akavuna, akaezeka paa lililowafunika wote. Leo sahani yake ina viazi vitupu. Majirani walimiminika kumsalimu Leopold, wengine wakilia. Anton walimpita kama nguzo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leopold hakungoja kupewa. Siku ya tatu kulipokucha alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa ghala, akatoa shoka, akaanza kupasua kuni. Anton akamfuata uani, ngumi zimekunjwa.

"Lete hapa. Kuni za nyumba hii napasua mimi."

Leopold hakubisha. Aliketi juu ya gogo, shoka magotini. Rosina alikuwa dirishani, na hakutoka.

"Ameniambia yote," Leopold alisema. "Juzi nilitaka kukuua."

"Na leo?"

"Leo nimechoka kuua watu."

Aliinama, akafungua kamba za buti zake za jeshi, akamsogezea Anton.

"Vaa hizi. Urusi ni mbali, na treni ya mateka wenzako wa mashambani inaondoka adhuhuri. Ukifika kwenu usituandikie, ndugu yangu. Nataka mwanangu aniite baba."